Namna ya kukisia fumbo la tamthilia kabla halijafumbuliwa

Kabla ya lolote lingine, tafuta daftari. Kisio lisiloandikwa halina thamani, kwa sababu siku fumbo linapofumbuliwa kila aliyeketi sebuleni husema kwamba alijua tangu mwanzo, na hakuna wa kumkanusha. Andika kisio lako, tarehe, na namba ya sehemu uliyoishia kuitazama. Halafu, chini yake, andika jambo moja ambalo likionekana kwenye skrini utakubali kwamba umekosea. Mstari huo wa mwisho ndio unaotenganisha kukisia na kupiga ramli. Mpiga ramli hakosei kamwe, kwa kuwa maneno yake hujipinda kufuata lolote litakalotokea. Mkisiaji hukosea mara nyingi, ila anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali alipokosea.

Jambo la pili ni dogo, lakini nalisema kwa uchungu: hakikisha unatazama sehemu zote, na kwa mpangilio wake. Nyumbani kwetu tuliwahi kuwekewa tamthilia kwenye flashi na kijana wa banda la muvi, naye akazipanga sehemu vibaya, ya saba ikatangulia ya sita. Mdogo wangu alimwona mwanamke akilia msibani, kisha, katika sehemu iliyofuata, akamwona marehemu anakunywa chai. Alijaza kurasa mbili na nusu za daftari akithibitisha kwamba marehemu alikuwa na pacha. Akaja juu: "Dada, tazama kovu, huyu hana kovu!" Kovu kweli halikuwepo, kwa sababu lilikuwa bado halijapatikana. Tangu siku hiyo huwa nasoma majina ya mafaili kabla ya kubonyeza lolote.

Jua swali lako ni la aina gani

Mafumbo ya tamthilia hayafanani, na makosa mengi hutokana na kulishughulikia swali la aina moja kwa mbinu za aina nyingine. Swali la "nani" ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa lina orodha yenye mwisho. Tarehe 21 Machi 1980 kituo cha CBS cha Marekani kilifunga msimu wa tamthilia ya Dallas kwa tukio la kupigwa risasi J.R. Ewing, tajiri wa mafuta wa Texas, bila kumwonyesha mfyatuaji, na watazamaji wakabaki na swali hilo hadi tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, kwa kuwa mgomo wa waigizaji ulichelewesha msimu uliofuata. Mtu aliyetaka kukisia kwa utaratibu alipaswa kuandika majina ya washukiwa, na mbele ya kila jina aandike mambo matatu: sababu aliyokuwa nayo, nafasi aliyokuwa nayo, na kisha lile ambalo wengi hulisahau, yaani hali itakayobaki ndani ya tamthilia iwapo itathibitika kwamba ni yeye. Sue Ellen, mke wa J.R., alikuwa na sababu za kutosha kujaza ukurasa, lakini kumpeleka jela kungeing'oa nguzo ambayo hadithi iliegemea kila wiki. Kristin, mdogo wa Sue Ellen na hawara wa J.R., alikuwa na sababu vilevile, na angeweza kuondoka bila nyumba ya akina Ewing kubomoka. Ndiye aliyefyatua. Watazamaji wanaokadiriwa kufikia milioni 83 nchini Marekani walikaa mbele ya runinga usiku huo ili kulisikia jina lake.

Swali la "nini", kwa mfano kisiwa hiki ni nini, au kiwanda hiki kinatengeneza nini, halina orodha, na kwa hiyo halikisiwi moja kwa moja. Ligawe. Badala ya kuuliza kisiwa ni nini, uliza kama dunia nje ya kisiwa inaendelea kuwepo, kama watu wanazeeka humo, na kama redio inashika mawimbi. Majibu ya maswali madogo hukataa baadhi ya makisio makubwa, na kukataa huko ndiko mafanikio yenyewe katika kazi hii. Kuhusu swali la "kwa nini", sina mengi: waandishi hulijibu kwa hotuba ndefu mwishoni, na hotuba hiyo huweza kubadilishwa dakika ya mwisho bila chochote kingine kuharibika, kwa hiyo usipoteze wino.

Swali ninalotaka tukae nalo ni la "lini", kwa kuwa ndilo watazamaji hawalisikii hata likiulizwa mbele yao. Tamthilia ya Lost, iliyorushwa na kituo cha ABC kuanzia Septemba 2004, ilisimulia habari za abiria wa ndege iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles ikaanguka kisiwani. Kwa misimu mitatu karibu kila sehemu ilichanganya maisha ya kisiwani na picha za maisha ya mhusika mmoja kabla ya ajali, hata macho yetu yakazoea: ukiona mjini, ujue ni zamani. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, Mei 2007, daktari Jack anaonekana mjini akiwa na ndevu zisizotunzwa, amelewa, anameza vidonge, nasi tukayahesabu yote hayo kuwa ya zamani kama kawaida. Kisha, usiku, karibu na uwanja wa ndege, anashuka mwanamke kutoka garini, naye ni Kate, ambaye Jack hakuwa amewahi kukutana naye kabla ya ajali. Yote tuliyoyaona yalikuwa ya baadaye. Waandishi walikuwa wameliweka dokezo wazi: nyumba ya mazishi anayoitembelea Jack iliandikwa Hoffs/Drawlar, na herufi hizo ukizipanga upya unapata maneno ya Kiingereza flash forward, yaani kuruka kwenda mbele.

Dokezo la herufi ni la kujipongeza nalo baadaye. Silishauri kama njia ya kukisia, kwa sababu anayepangua herufi za kila kibao hupata neno analolitaka. Ushauri wangu ni mwingine. Kila tukio linapoanza, jiulize: nani ameniambia hili linatokea lini? Kama jibu ni tarehe iliyoandikwa kwenye skrini, au mhusika aliyetaja jambo tunalolijua, sawa. Kama jibu ni kwamba hakuna aliyeniambia, nimedhania tu, piga alama ya kuuliza pembeni mwa daftari. Alama hizo zikifika tatu au nne kwa mhusika mmoja, umefika mahali penye siri.

Nionyeshe kwa mfano mmoja jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Msimu wa kwanza wa tamthilia ya Westworld, ulioanza kwenye kituo cha HBO Oktoba 2016, una kijana mpole aitwaye William anayefika kwa mara ya kwanza kwenye bustani ya starehe iliyojaa roboti wenye sura za watu, na pia una mzee katili mwenye nguo nyeusi ambaye amekuwa mgeni wa bustani hiyo kwa miaka mingi. Chora jedwali. Majina ya wageni yaende chini, majina ya wafanyakazi wa ofisini na ya roboti yaende kulia, na kila watu wawili wanapozungumza uso kwa uso weka alama. Baada ya sehemu mbili au tatu utaona kwamba William hana alama hata moja kwa wasimamizi wa bustani tunaowaona wakifanya kazi ofisini, na kwamba hakutani na mzee. Utaona pia kwamba anayewaunganisha ni Dolores, ambaye ni roboti na hazeeki. Kwa hiyo uso wake hauwezi kutuambia ni mwaka gani. Sasa rudisha nyuma, simamisha picha William anapowasili, tazama nembo ya bustani, kisha uilinganishe na nembo iliyo ofisini. Si moja. Watazamaji waliolinganisha nembo hizo walisema wazi, wiki nyingi kabla ya sehemu ya 10 kurushwa tarehe 4 Desemba 2016, kwamba William na mzee ni mtu mmoja aliyetenganishwa na miaka kama 30, nao walikuwa sahihi. Walichofanya ni kuhesabu nani amekutana na nani, na yeyote mwenye rula na subira angeweza kukifanya.

Nani ameliweka hapo?

Kila dokezo lina mwenyewe, na mwenyewe huyo si lazima awe mwandishi. Kabla ya kuliingiza dokezo katika hesabu, amua kama limewekwa na hadithi, na mazingira ya utengenezaji, au na bahati. Nembo ya Westworld iliwekwa na hadithi: mtu alilipwa kuchora nembo ya pili ambayo isingehitajika kama wakati ungekuwa mmoja. Kipimo changu ni gharama. Kitu kilichohitaji kuchorwa, kujengwa, au kupigwa picha ya peke yake kina uzito. Kikombe kilichohama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto ni uchovu wa mtunza vifaa.

Mazingira ya utengenezaji hueleza mengi ambayo mashabiki huyasaka ndani ya hadithi bila kuyapata. Katika Lost alikuwemo mtoto aitwaye Walt, aliyezungukwa na ishara za kuwa na uwezo wa ajabu, na watu wakamjengea makisio marefu. Lakini misimu miwili ya kwanza ilisimulia miezi miwili na kidogo tu ya maisha ya kisiwani, huku mwigizaji wake, Malcolm David Kelley, aliyekuwa na miaka 12 tamthilia ilipoanza, akirefuka kama mtoto yeyote wa umri huo. Hadithi ikalazimika kumwondoa kisiwani. Mkisiaji anayepiga hesabu ya umri wa mwigizaji angeweza kulitabiri hilo bila kujua chochote kuhusu uwezo wa Walt. Vivyo hivyo kwa Jon Snow wa tamthilia ya Game of Thrones, aliyechomwa visu mwisho wa msimu wa tano, Juni 2015: watengenezaji wa tamthilia walisema amekufa na hawezi kurudi, lakini mwigizaji wake, Kit Harington, alionekana mitaani akiwa bado na nywele zilezile ndefu, na mwaka uliofuata Jon akafufuka. Binafsi nayaweka madokezo ya namna hii kwenye ukurasa wa peke yake, kwa sababu kushinda kwa kuangalia nywele za mtu ni kama kushinda mtihani kwa kuchungulia. Jibu ni sahihi, raha haipo.

Nayo bahati ina sehemu yake. Katika tamthilia ya Twin Peaks ya mwaka 1990, sura ya kutisha ya BOB, roho mwovu wa hadithi hiyo, ilitokana na mpambaji wa seti, Frank Silva, aliyenaswa na kamera kwenye kioo wakati wa upigaji picha. Mwongozaji David Lynch akaipenda bahati hiyo na kumfanya mhusika. Yeyote aliyekisia kutokana na kioo kile alikuwa akikisia juu ya kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakuwa nacho wiki iliyotangulia. Ndiyo maana ni vyema kujua kama tamthilia unayoifuatilia imeshaandikwa hadi mwisho au inaandikwa huku inarushwa. Lost haikuwa na tarehe ya mwisho hadi Mei 2007, ABC ilipotangaza kwamba itafungwa mwaka 2010. Makisio yanayotegemea mpango mkubwa wa siri tangu siku ya kwanza yapunguziwe uzito pale ambapo waandishi hawakujua watapewa sehemu ngapi.

Vibanda umiza vya Tanzania, yaani mabanda ya kuonyeshea filamu, vina kanuni yao: stelingi, mhusika mkuu, hafi. Ni kanuni nzuri, kwa maana kwamba inaeleza mkataba wa mwigizaji kuliko ujasiri wa mhusika, lakini itumie kwa tahadhari tangu Ned Stark, aliyekuwa na sifa zote za stelingi, alipokatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza wa Game of Thrones mwaka 2011. Kanuni hiyo iandikwe kama dau: nasema hafi, na akifa, kitabu changu kizima cha washukiwa kianze upya.

Livunje mwenyewe kwanza

Kisio likishakomaa, tafuta kitu cha kuliua. Mashabiki wengi wa Lost walikisia mapema kwamba abiria wote walikufa katika ajali na kwamba kisiwa ni mahali pa roho. Waandishi walikana, lakini kukana kwa mwandishi si ushahidi; ana kila sababu ya kudanganya. Ushahidi ulikuja Mei 2006, mwisho wa msimu wa pili, pale wanaume wawili katika kituo chenye theluji nje waliponasa ishara kutoka kisiwani na kumpigia simu Penny, mchumba wa zamani wa mtu aliyekuwa kisiwani. Hapo kuna watu hai, mahali pengine, wakati uleule, na wanakiona kisiwa kwenye vyombo vyao. Kama uliandika mstari wa kujikosoa, ndio huo umetimia. Futa, anza upya.

Wengi hawakufuta, na baada ya sehemu ya mwisho, tarehe 23 Mei 2010, walidai kwamba wameshinda. Walishinda kwa sehemu ndogo tu: ule mkondo wa pili wa msimu wa sita, ulioonyesha maisha kana kwamba ndege haikuanguka, ndio uliokuwa baada ya kifo, lakini ya kisiwani yalitokea kweli, na baba yake Jack anamwambia hivyo waziwazi. Kilichowachanganya watu ni picha za mabaki ya ndege yakiwa ufukweni bila mtu, zilizopita pamoja na majina ya watengenezaji. Picha hizo ziliongezwa na kituo, si na waandishi, na hazikuwa sehemu ya hadithi. Turudi palepale: nani ameliweka hapo?

Anayesikiliza kwa Kiswahili

Sehemu hii huwa sioni ikijadiliwa, ilhali ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaotazama tamthilia za ng'ambo zilizotiwa sauti au maandishi ya Kiswahili. Lugha yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Mhusika akisema "aliniambia ninyamaze," hatujui ni nani, wala hatushtuki. Katika Kiingereza mwandishi anayetaka kuificha jinsia ya mhalifu hulazimika kumzunguka, akisema "mtu yule" na "mtu fulani" hata pale inapokuwa kero, na mzunguko huo wenyewe ni dokezo. Tafsiri ya Kiswahili huunyoosha mzunguko huo, na dokezo hupotea. Ukiweza, zisikilize sentensi za namna hiyo kwa sauti ya asili.

Kwa tamthilia za Kituruki mambo hugeuka. Kituruki nacho hakina tofauti hiyo, na tena, kama sisi, kinamtenga ndugu wa baba, amca, na ndugu wa mama, dayı. Tafsiri inayotoka Kituruki moja kwa moja kuja Kiswahili haina sababu ya kupoteza kitu. Lakini tafsiri ikipitia Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa wote wawili, mfasiri wetu atalazimika kuchagua, na mara nyingi huandika "mjomba" kwa mazoea. Katika hadithi ya kugombea mali ya baba, kati ya baba mdogo na mjomba kuna tofauti ya mshukiwa na mgeni. Usimwondoe mtu kwenye orodha kwa neno "mjomba" peke yake. Subiri utajiwe jina la ukoo, au umwone mtu huyo kwenye picha ya familia ukutani.

Saa nazo ni mtego. Shahidi wa Kiingereza anayesema aliondoka saa mbili kwa hesabu yao anamaanisha saa nane kwa hesabu yetu, na mfasiri aliyechoka huiacha ilivyo. Kabla ya kutangaza kwamba fulani amedanganya kuhusu muda, tazama dirisha lililo nyuma yake: je, kuna jua?

Siku fumbo linapofumbuliwa, usilifunge daftari. Rudi kwenye kisio lako ukaweke alama moja kati ya tatu: nilipata kwa sababu niliyoiandika, nilipata kwa sababu nyingine, nilikosa. Alama ya kati ndiyo ya kuchunguza, nayo huwa nyingi kuliko mtu anavyopenda kukiri. Kisha tazama tena sehemu ya kwanza na ya pili peke yako, bila wenzako ambao bado hawajafika mwisho, na kama yupo aliyebaki nyuma, mwachie fumbo lake. Kwenye vitendawili vya bibi, aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Shemeji yangu, aliye nyuma yetu kwa misimu miwili, ameapa kwamba hatoi hata kitongoji.